Kuukaribisha mwaka kwa yoga wakati wa kaskazi: mwongozo wa anayeanza, kutoka Tanga

Disemba ikishafika katikati, najua maswali yako njiani. "Dada, mimi nina kitambi, naweza?" "Lazima nivae zile suruali za kubana?" "Hiyo si dini ya Wahindi?" "Naanza tarehe moja asubuhi, sivyo?" Nimeyajibu barazani, nimeyajibu kwenye simu, na mwaka juzi niliyajibu soko la samaki la Deep Sea nikisubiri samaki wangu aparwe magamba. Safari hii nayaandika yote pamoja, akiniuliza mtu namtumia hii.

Majibu ya haraka: kitambi hakizuii kitu. Suruali yoyote pana inatosha. Habari ya dini nitaigusa mbele kidogo. Na tarehe moja usianze, sababu utaiona.

Ninachokupa ni mafungo madogo ya siku moja, ya kufanyia nyumbani au ufukweni. Neno mafungo nimeliazima kwa jirani zangu Wakatoliki. Sisi Waislamu tuna itikafu, ila hiyo ina masharti yake na mahali pake ni msikitini, kwa hiyo tusichanganye. Nataka tu ujue kwamba mtu kujitenga kidogo akatulia si jambo lililoshuka na ndege.

Majira kwanza

Video nyingi za yoga ya mwaka mpya zinatengenezwa kwenye nchi ambako Januari ni barafu. Wanakwambia uvae soksi, uwashe mishumaa, uujaze mwili joto. Mwaka wangu wa kwanza nilifuata neno kwa neno: sebuleni, madirisha nimeyafunga, mishumaa minne. Umeme ukakatika, feni ikasimama, na kabla ya nusu saa nikaona nyota mchana. Nilijikuta nimekaa sakafuni karibu na mlango wa jikoni, mwanangu ananipepea na kifuniko cha ndoo.

Kwetu Januari ni kaskazi. Upepo unatoka kaskazini-mashariki, kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, joto lina unyevu, jasho halikauki. Na mwili wenyewe umechoka: sikukuu, pilau, safari, wageni, halafu ada za shule zinagonga hodi. Huu si wakati wa kuanza mazoezi ya kukamua jasho. Wakati wa nguvu ni kusi, Juni na Julai, kukiwa na kibaridi. Siku ya Kimataifa ya Yoga, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2014, ni 21 Juni, na ikifika hiyo hata mikao migumu unaweza kuijaribu bila kuzimia. Januari tunafanya alfajiri, taratibu, na sehemu kubwa ya kazi ni kulala. Ndiyo, kulala.

Vitu vya kuwa navyo

- Mkeka wa mpira wa mazoezi ukiupata. Mkeka wa ukindu unafaa kwa kukaa na kulala, lakini ukipiga magoti mishono ya ukili inachoma, na juu ya vigae unateleza kama sabuni. Tandika blanketi juu yake, na chini weka taulo bichi lililokamuliwa sana, utaganda.
- Kanga mbili. Moja ya kukunja na kuweka chini ya kichwa au magoti, nyingine iwe mkanda wa kuvutia miguu.
- Mto mmoja mgumu.
- Kigoda au kiti. Kigoda sawa, mbuzi ya kukunia nazi hapana. Nasema kwa sababu kuna aliyejaribu.
- Maji ya kunywa, daftari, kalamu, na kipande cha mkaa.

Nguo: suruali pana na fulana, au suruali na gauni fupi juu. Dera peke yake litakufunika uso ukiinama. Ukienda ufukweni jifunge kanga mpaka ufike; Tanga ni mji wa watu na heshima zao, na utatulia zaidi kama hakuna anayekukodolea macho.

Mafuta ya kunukia, kengele, zile bakuli za shaba za kugonga: acha. Januari pesa ina kazi nyingine.

Asiyepaswa kuanza bila kumuuliza daktari

Mwenye presha, mwenye presha ya macho, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mwenye mgongo uliowahi kutibiwa, na mjamzito. Mjamzito ambaye tumbo limekuwa kubwa asilale chali muda mrefu. Alale ubavu wa kushoto na mto katikati ya magoti.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku. Tarehe 31 usiku mji haulali. Kuna mkesha makanisani, kuna muziki, fataki, na bodaboda wanaopiga honi mpaka unajiuliza wanalipwa na nani. Alfajiri ya tarehe 1 utaamka na macho mekundu, utafanya dakika tano, utakata tamaa na mwaka mzima. Chukua Jumamosi ya kwanza ya mwezi, au chukua 12 Januari, Sikukuu ya Mapinduzi, ambayo ni mapumziko kwa nchi nzima. Mimi naipenda hiyo ya 12. Siku mbili tatu baadaye, tarehe 14 au 15, Wahindu nao wana Makar Sankranti, sikukuu ya jua kuanza safari yake ya kurudi kaskazini. Ukiwa na majirani wenye asili ya Kihindi watakueleza vizuri kuliko mimi.

Kama unataka ufukweni, angalia mwezi kabla ya kuangalia kalenda. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hapa kwetu hujaa kama saa kumi alfajiri. Ukifika saa kumi na mbili yanatoka, na mchanga unazidi kuongezeka mbele yako. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: yanajaa kuelekea saa nne asubuhi, kwa hiyo wewe umelala umefumba macho, yenyewe yanakufuata. Hayo nilijifunzia Raskazone. Nilifumbua macho nikakuta kandambili moja imefika miguuni kwangu inaelea. Ya pili sijaiona mpaka leo. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo usikariri saa ya juzi. Muulize mvuvi yeyote, atakujibu bila kuangalia saa.

Anayeanza kabisa, fanya nyumbani. Ufukwe ni mzuri lakini mchanga unazama, kifundo kinapinda, na kuna vipande vya chaza.

2. Tayarisha mahali usiku uliotangulia. Baraza, paa la nyumba, au chumba chenye madirisha yanayopitisha upepo. Fagia, kisha lala chini mwenyewe dakika moja uone kama kuna kijiwe, sisimizi au taa inayokupiga usoni. Weka kila kitu hapo hapo. Ukianza kutafuta kanga gizani utaamsha nyumba nzima, na nyumba ikiamka mafungo yamekwisha.

3. Waage watu. Waambie wa nyumbani: kesho mpaka jioni mimi nipo, lakini sipo. Mpikie mtoto usiku, muombe dada au mama mkwe ashike jiko. Kuna watu wanaona aibu kuomba hivi, hasa akina mama, halafu katikati ya pumzi wanaitwa "Mama, sukari iko wapi?" Sema sukari ilipo. Simu izime, uifiche kwenye kabati la vyombo, si chini ya mto.

Usiku huo kula chepesi, uji au samaki wa kuchemsha na ndizi, na saa tatu uwe kitandani.

4. Amka saa kumi na moja alfajiri. Anayeswali, aswali. Kunywa glasi moja ya maji, taratibu. Usile. Jua litachomoza kama saa kumi na mbili na robo, na ikifika saa mbili joto limeshaanza kuuma, kwa hiyo una dirisha la saa tatu tu. Ukiamka saa mbili, usilazimishe. Fanya hatua ya 9 pekee, ni halali.

5. Yasome majira, dakika kumi. Kaa bila kufanya kitu. Kisha andika mambo matatu kwenye daftari: upepo unakupiga shavu lipi, maji ya bahari yako wapi (kama huyaoni, mwezi ukoje), na ni kitu gani kimejaa sokoni wiki hii. Januari utaandika embe dodo, bila shaka.

Jua likichomoza, tazama mwanga wa kwanza umegusa wapi ukutani, uweke alama kwa mkaa. Januari jua linatokea upande wa kusini wa mashariki. Rudia Julai, saa ile ile ya kuchomoza, utakuta alama imehama kabisa, maana litakuwa limehamia upande wa kaskazini. Adhuhuri nayo toka nje uangalie kivuli chako: mwezi huu kinaangukia upande wa kaskazini. Mapema Machi, saa sita na nusu hivi, jua litakuwa utosini na kivuli utakikanyaga mwenyewe. Juni kitalala kusini. Watoto wangu walidhani nachafua ukuta, sasa wao ndio wanaonikumbusha.

6. Pumzi, dakika tano. Kaa kwenye kigoda au ukingo wa kiti, nyayo zote chini. Kukunja miguu kama picha za matangazo si lazima. Wengi wetu nyonga zimekaza na magoti yatalia. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita. Kazi iko kwenye kutoa.

Kwa joto la kaskazi kuna pumzi moja ninayoipenda: kunja ulimi kama mrija, vuta hewa kupitia humo, funga mdomo, toa kwa pua. Utausikia ubaridi kooni. Kuna watu ulimi wao haukunjiki, ni maumbile. Wao wauache mdomo wazi kidogo, meno yagusane, wavute hewa katikati ya meno. Mara nane zinatosha.

Kosa la kawaida: kuibana pumzi ili uonekane hodari, na kupandisha mabega mpaka masikioni. Ukisikia kizunguzungu acha kuhesabu, pumua kama kawaida yako.

7. Mikao, dakika ishirini. Mikao mitano, si zaidi. Katika kila mmoja, kaa pumzi sita hadi nane.

Piga magoti, viganja chini. Ukivuta pumzi bonyeza tumbo chini na kuinua kifua. Ukitoa, vimbisha mgongo kama paka aliyeona mbwa. Huo unafungua uti wa mgongo.

Kutoka hapo rudisha makalio juu ya visigino, paji la uso chini, mikono mbele. Unaitwa mkao wa mtoto. Kama makalio hayafiki visigino, jaza nafasi kwa mto. Kitambi kikikuzuia, tanua magoti kipate pa kukaa.

Simama ukitazama ukuta. Weka viganja ukutani usawa wa kiuno, rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo ulale kama meza. Magoti yakunje kidogo. Huu ni ndugu mpole wa ule mkao wa mbwa anayejinyoosha, na kwa mwezi wa kwanza unakutosha. Kichwa hakiingii chini, na mikono yenye jasho haitelezi.

Kaa chini, nyosha miguu, pitisha kanga kwenye nyayo, shika ncha zake. Inama mbele kutoka kwenye nyonga, si kutoka shingoni. Hapa ndipo watu wanajiumiza: wanavuta kanga kama wanavuta jahazi pwani. Kanga ni ya kukushikilia tu. Maumivu ya kuchoma nyuma ya goti ni amri ya kuacha.

Lala chali, kunja magoti, yaangushe yote upande wa kulia, uso utazame kushoto. Badili.

Swali la salamu kwa jua, ule mfululizo wa mikao inayofuatana, lazima lije hapa, maana kila video inaanza nayo. Kwa siku ya kwanza iache, ni ndefu na inatoa jasho. Na wapo wanaokwazika na jina, kwamba tunasalimuje jua. Nakwambia ninavyofanya mimi. Yoga imetoka India, imekulia ndani ya imani za kule, na neno lenyewe la Kisanskriti lina maana ya kuunganisha, kama kufunga nira, hilo silifichi. Mimi nachukua kunyoosha viungo, pumzi na utulivu. Siimbi kitu, na ule mzunguko barazani kwangu unaitwa mzunguko wa asubuhi. Roho yako ikisita, muulize shehe au padri unayemwamini, usinichukulie mimi fatwa.

8. Lala chali, dakika kumi na tano. Kwa Kisanskriti unaitwa mkao wa maiti. Niliutaja hivyo mara ya kwanza, mama mmoja wa mtaa wa pili akainuka kwenye mkeka akajifunga kanga. "Maiti mie? Bado nina wajukuu hawajaolewa." Tangu siku ile tunasema kulala chali, basi.

Kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, mto chini ya magoti ili kiuno kishuke. Mikono kando, viganja juu. Kitambaa chepesi machoni. Halafu upitie mwili wote kwa akili, polepole: vidole vya mguu wa kulia, unyayo, kifundo, muundi, goti, paja; kisha kushoto; kisha tumbo, kifua, mikono, taya. Taya watu wengi wanalisahau, ndilo limebeba mwaka mzima uliopita. Liachie mpaka meno yasigusane.

Usiruke hatua hii kwa sababu "hakuna kinachofanyika." Ukiwa na dakika ishirini tu siku nzima, acha mikao yote, fanya hii. Kutoka, geukia ubavu wa kulia, kaa hapo pumzi chache, ndipo ujiinue kwa mikono. Ukikurupuka utaona giza.

9. Mchana, tulia kivulini. Baada ya saa moja kula kifungua kinywa: dafu, embe, uji. Kuanzia saa tano mpaka saa tisa usitoke juani. Huu ndio muda mgumu kuliko mikao yote, kwa sababu mikono inataka simu. Soma, kaa, sinzia. Kama saa nane sogeza makalio karibu na ukuta, lala chali, miguu iegemee ukutani juu, dakika kumi. Kwa waliosimama jikoni sikukuu nzima na miguu ikavimba, hakuna kinachofanana nayo. Ganzi ikiingia, ishushe.

10. Jioni. Alasiri tembea kidogo, bila haraka na bila kuhesabu hatua. Jua linazama kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Kabla ya hapo jipake dawa ya mbu au ingia ndani. Rudia pumzi za hatua ya 6. Fungua daftari uandike kitu kimoja tu utakachopunguza mwaka huu. Nasisitiza kupunguza. Orodha ya kuongeza unayo tayari, nayo ni ile ile ya mwaka jana.

Kuanzia kesho yake, dakika kumi na tano, siku tatu kwa wiki, inatosha mpaka masika. Ukiona raha na una nauli, mafungo ya pili yafanyie Lushoto, kule juu kuna ubaridi na mwili unakunjuka vingine.

Mambo yakigoma

*Natoka jasho mpaka viganja vinateleza.* Umechelewa kuamka, au umefunga madirisha. Tandika kanga kavu juu ya mkeka, na mikao ya mikono ifanyie ukutani.

*Msuli wa mguu umenibana.* Nyosha mguu, vuta vidole kuelekea kwako, sugua. Kunywa maji, na siku hiyo kula kitu chenye chumvi kidogo. Ikijirudia kila mara, muone daktari.

*Kiungulia kinapanda nikiinama.* Umekula usiku sana. Usiiname, fanya hatua ya 6 na 8, ukiwa umeegemea mito badala ya kulala sawa.

*Akili haitulii, nawaza ada.* Wote tunawaza ada. Andika kiasi na tarehe kwenye daftari, lifunge, rudi kuhesabu pumzi. Mawazo yakirudi, rudi tena. Hakuna aliyefaulu kuyafukuza.

*Watu wa nyumbani wananicheka.* Waalike kwenye hatua ya 8. Wakishaionja hawacheki.

*Januari imenipita.* Muharram inakuja, na mwaka wa wazee wa pwani unaanza Julai: wao waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Siku ya Mwaka, na Makunduchi, kule Unguja, bado wanauadhimisha kwa Mwaka Kogwa. Utakuwa wakati wa kusi tena, hewa nzuri.

*Nalala usingizi kabla hatujamaliza.* Sawa tu. Yule mama wa mtaa wa pili alirudi, na sasa kila Jumamosi anakoroma kabla hatujafika magotini. Tunamfunika kanga, tunaenda kuinjika chai.